Mafunzo Niliyoyapata katika Nyumba Kuukuu

Wanafunzi wapenzi, pamoja nanyi wenzangu mliokwisha kuondoka shuleni,

Mhariri ameniomba niandike katika sehemu hii ya Kiswahili habari za kazi yangu ya uashi, nami nimekubali kwa furaha. Lakini sitaandika juu ya majumba marefu mapya, ingawa hayo nayo nimeyajenga. Nataka kuwaeleza habari za nyumba moja kuukuu ya London, niliyoitengeneza pamoja na wenzangu nilipokuwa nikisoma ufundi wa ujenzi huko Uingereza. Katika nyumba ile nilifanya kosa moja kubwa, na kosa lile limenifundisha kuliko vitabu vingi nilivyosoma. Someni basi kwa makini, maana mwishoni nina neno nanyi juu ya nyumba mnayoipita kila siku.

NYUMBA YENYEWE

Waingereza huziita nyumba za namna hii kwa jina la Malkia Victoria, kwa sababu zilijengwa katika enzi yake, tangu mwaka 1837 mpaka 1901. Wakati ule viwanda viliongezeka, reli zilienea, na watu walihamia mijini kwa wingi mno; kwa hiyo nyumba zilijengwa safu kwa safu, zikishikana kuta. Tena kodi zilizowalemea wajenzi ziliondolewa moja baada ya nyingine: kodi ya vioo mwaka 1845, kodi ya matofali mwaka 1850, na kodi ya madirisha mwaka 1851. Ndiyo sababu mojawapo ya nyumba hizo kuwa na vioo vipana.

Baadaye watu walizidharau nyumba hizo. Walisema zina giza, zina mapambo kupita kiasi, na hazifai kwa maisha ya kisasa. Nyingi zilibomolewa. Mwaka 1958 watu waliozithamini walianzisha chama kiitwacho Victorian Society, nao walikutana katika nyumba namba 18 Stafford Terrace, London, iliyokuwa ya mchoraji Linley Sambourne. Hata hivyo hawakuweza kuokoa kila kitu. Lango kubwa la stesheni ya Euston, lililojengwa mwaka 1837, lilibomolewa katika miaka ya 1961 na 1962. Siku hizi mambo yamegeuka. Majengo mengi ya enzi ile yameandikwa katika orodha ya serikali, na mtu akilibadilisha jengo la namna hiyo bila ruhusa ya halmashauri anaweza kushtakiwa.

Nyumba yetu ilijengwa katika miaka ya 1860, kaskazini ya London. Ilikuwa ya ghorofa tatu, yenye bustani nyembamba nyuma. Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane, mwalimu aliyestaafu, ambaye wazazi wake walikaa humo kabla yake. Ukuta wa nyuma wa sebule ulikuwa umeota madoa meusi, na harufu ya uvundo ilikupokea mlangoni. Siku ya kwanza yule bibi alitunywesha chai, kisha akatuambia wazi, "Akiba yangu ni hii tu. Ikiisha kabla ya unyevu kuisha, nitaiuza nyumba na kwenda kupanga chumba." Maneno hayo sikuyasahau.

MAJI NI ADUI WA KWANZA

Msimamizi wetu alikuwa mwashi mzee wa Kiingereza, mtu wa maneno machache. Nilidhani tutaanza kazi mara moja, lakini kwa muda wa juma zima hatukugusa nyundo. Mvua ilipokuwa ikinyesha, sisi tulitoka nje! Tulizunguka nyumba na daftari mkononi, tukitazama maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Naye mzee alituuliza kama mwalimu darasani, "Kwa nini hapa pamelowa na pale ni pakavu?"

Tulipata majibu matatu. Kwanza, sleti kadhaa za paa zilikuwa zimeteleza. Pili, mfereji wa chuma chini ya paa ulikuwa umejaa majani makavu, basi maji yalifurika na kuteremka ukutani badala ya kupita katika bomba. Tatu, udongo wa bustani ulikuwa umepanda mwaka hata mwaka, ukaziba vitundu vya hewa vilivyo chini ya ukuta.

Jambo hili la tatu linahitaji maelezo. Sakafu ya chini katika nyumba hizo mara nyingi ni ya mbao, nayo haikulala juu ya ardhi. Chini yake mna nafasi tupu. Wajenzi waliacha vitundu katika ukuta ili upepo upite humo na kukausha boriti. Ukivifunika, hewa husimama, mbao hupata unyevu, na kuvu huanza kuzila mpaka zinakuwa laini kama mkate uliolowekwa. Kawaida njema ni kwamba ardhi ya nje iwe chini ya sakafu, tena iwe angalau sentimita 15 chini ya ule mstari wa sleti au lami uliowekwa ukutani kuzuia maji yasipande.

Basi tulirudisha sleti, tukazoa majani, tukachimba udongo na kuuondoa. Gharama yake ilikuwa ndogo, maana kazi yenyewe ilikuwa ya ngazi, ndoo na sepetu tu. Hapo ndipo nilipojifunza somo la kwanza: usipake rangi juu ya unyevu kabla hujaujua unatoka wapi.

KOSA LANGU

Lakini ukuta wa sebule haukukauka. Tulipoutazama vizuri tuliona kwamba fundi fulani aliyekuwapo kabla yetu alijaza simenti katika viungo vyote vya matofali kwa nje, na kwa ndani akapiga lipu ya simenti. Bila shaka alidhani anaifanya nyumba imara. Kumbe matofali yenyewe yalikuwa yakibanduka nyuso, yakimwagika chini kama unga mwekundu.

Mzee akaamuru simenti yote itolewe kwa tindo na nyundo, polepole, kisha tujaze chokaa na mchanga. Mimi nilinung'unika moyoni. Chokaa! Nilikuwa nimevuka bahari kwenda kujifunza ufundi wa kisasa, nami nikapewa kitu cha babu zetu. Nilikuwa nimesoma kwamba Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds, alipata hati ya simenti ya Portland mwaka 1824. Sasa kwa nini mimi nirudi nyuma ya mwaka huo?

Ijumaa moja mzee alikwenda kazi nyingine, akaniachia kipande cha ukuta wa nyuma nikimalize peke yangu. Chokaa ilikuwa imebaki kidogo, na mfuko wa simenti ulikuwa bandani. Nikasema, "Leo nitawaonyesha." Nikachanganya simenti nzito, nikajaza viungo, nikavipiga mwiko mpaka vikawa laini na sawasawa. Nilipomaliza nilisimama mbali kidogo, nikajisifu.

Jumatatu mzee akaja. Alitazama, akagonga kwa mpini wa mwiko, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mkono wako ni mzuri. Sasa toa yote."

Kazi niliyoifanya siku moja niliitoa kwa siku nne. Simenti ilikuwa imeshika kuliko tofali, basi kila nilipoipiga tindo, tofali ndilo lililovunjika. Niliharibu matofali 31, yaliyokuwa yamekaa pale tangu zamani za babu wa babu yangu. Yule bibi alitoka akaona kile kifusi. Hakunikemea, aliuliza tu, "Matofali ya namna hii yanauzwa bei gani siku hizi?" Afadhali angalinikemea, maana nilijua fedha ile inatoka katika akiba yake. Nikamwambia kweli, na siku iliyofuata nikaenda kwa mzee nikamwomba akate gharama ya matofali katika ujira wangu. Akakubali, wala hakuniambia neno jingine juu ya jambo hilo.

CHOKAA NA SIMENTI

Saa ya mapumziko mzee alinieleza sababu, nami nawaeleza ninyi.

Ukuta wa nyumba ile una unene wa inchi 9, ni matofali matupu, hauna nafasi tupu katikati kama kuta za siku hizi. Mvua ikinyesha, ukuta hunywa maji kidogo. Jua na upepo vikija, maji hutoka tena. Viungo vya chokaa ni laini, navyo vina vijitundu vidogo sana, kwa hiyo maji hutokea humo. Mafundi husema kwamba ukuta unapumua. Ukiziba viungo kwa simenti, maji hayapati njia hiyo, hukaa ndani ya tofali. Wakati wa baridi kali maji huganda, nayo maji yakiganda huongezeka ukubwa karibu sehemu 9 katika 100. Tofali haliwezi kuvumilia. Uso wake hupasuka na kuanguka.

Tena nyumba kuukuu husogea kidogo kidogo, kwa kuwa ardhi huvimba na kunywea. Chokaa hukubali kusogea nayo. Simenti haikubali, hupasuka, na mvua hupata ufa wa kuingilia.

Kwa hiyo kanuni ni hii: kinachounga matofali kisiwe kigumu kuliko matofali yenyewe. Kiungo ndicho kilichowekwa kiharibike kwanza, ili tofali lipone. Kiungo cha chokaa chaweza kujazwa upya baada ya miaka mingi, lakini tofali likiisha kufa halifufuki.

Chokaa hutengenezwa hivi. Mawe ya chokaa huchomwa katika tanuru kwa moto wa nyuzi 900 hivi za Selsiasi. Kisha huzimwa kwa maji. Angalieni sana hapa: chokaa hutiwa katika maji, maji hayatiwi juu ya chokaa, kwa maana hutokota na kuruka, na ikiingia jichoni yaweza kupofusha. Vaeni miwani na mipira ya mikono. Ikiisha kuzimwa huachwa ikae ilainike. Tulichanganya sehemu moja ya chokaa na sehemu tatu za mchanga mkali ulio safi, na kwa lipu ya ndani tulitia nywele za wanyama ili isipasuke. Chokaa hiyo haigandi upesi kama simenti. Hukauka polepole huku ikivuta hewa ya kaboni, mpaka inarudi kuwa kama jiwe ilivyokuwa kwanza. Kwa hiyo tuliufunika ukuta kwa magunia yaliyoloweshwa, usikaushwe na jua kwa haraka, wala hatukufanya kazi siku za baridi kali.

Miezi mitano ilipita. Madoa yakafifia, uvundo ukatoweka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hayo ni kweli, lakini mimi naongeza kwamba ukiuziba kwa kitu kisichopatana nao, ukuta utaujenga vilevile.

MADIRISHA

Watu wengi walimshauri yule bibi ang'oe madirisha ya mbao atie ya plastiki. Mzee alimwomba angoje. Madirisha hayo yana fremu mbili, moja juu na moja chini, zinazoteleza. Ndani ya ubavu wa dirisha mna sanduku lililofichwa, na ndani yake huning'inia vipande vizito vya chuma vilivyofungwa kwa kamba ipitayo juu ya roda. Uzito wa chuma hulingana na uzito wa fremu, hata mtoto aweza kulifungua kwa vidole. Ukishusha fremu ya juu na kuinua ya chini, hewa ya moto hutokea juu na hewa baridi huingilia chini. Chumba hupoa bila mashine yo yote.

Madirisha yetu yalikuwa yamekwama kwa sababu mbili tu: kamba zilikatika, na rangi ilipakwa mara nyingi mpaka ikayagundisha. Tulitia kamba mpya, tukakata mbao zilizooza na kuunga nyingine, tukashika vioo kwa lahamu ya mafuta ya kitani. Kati ya madirisha 11, moja tu ndilo lililohitaji kutengenezwa upya. Fedha iliyosalia ilitosha kulipia paa.

RANGI NA KARATASI ZA UKUTANI

Kabla ya kupamba tulikwangua mahali padogo, kama ukubwa wa stempu, tukahesabu rangi zilizopakwa zamani moja juu ya nyingine, kama mtu ahesabuye miaka ya mti uliokatwa. Tulikuta rangi saba. Ile ya chini kabisa ilikuwa ya kijani iliyokolea. Nyuma ya kabati tuliona kipande cha karatasi ya ukutani yenye majani na maua.

Hapa pana hatari mbili ambazo fundi sharti azijue. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo, na hasa wa watoto. Usiisugue kwa msasa mkavu, maana vumbi lake ni sumu. Lowesha kwanza, vaa kinyago, wala usile mahali pa kazi. Pili, kijani kile kilichobuniwa na Carl Wilhelm Scheele mwaka 1775 kilikuwa na sumu iitwayo aseniki, nacho kilitumika sana katika karatasi za ukutani za enzi ya Victoria. Kwa hiyo kile kipande cha karatasi hatukukibandua. Tulikiacha mahali pake, tukakifunika kwa kioo.

Katika mapambo, jina kubwa ni William Morris. Mwaka 1859 alianza kujengewa nyumba huko Bexleyheath, na mchoraji wa ramani yake alikuwa rafiki yake Philip Webb. Nyumba hiyo, iitwayo Red House, ingalipo. Karatasi ya ukutani ya kwanza aliyobuni Morris ilikuwa na mawaridi yakipanda juu ya fito za bustani, naye Webb akachora ndege wake. Lakini mimi namsifu zaidi kwa jambo jingine. Mwaka 1877 Morris na Webb na wenzao walianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, kwa sababu waliona makanisa ya zamani yakikwanguliwa lipu na kufanywa mapya mpaka ukale wake ukapotea. Walishauri watu watunze jengo kila siku, wala wasijifanye kuligeuza kuwa lilivyokuwa zamani.

Yule bibi alipenda sebule nyeupe, wazazi wake walipenda kijani. Tulipatana hivi: kuta zikapakwa rangi ya chokaa iliyotiwa manjano kidogo, ambayo nayo hupumua, na mbao za mlango na madirisha zikapakwa kijani kile kile cha zamani, ila kisicho na sumu.

BUSTANI

Bustani nayo ni sehemu ya nyumba. Tulipoondoa ule udongo uliopanda tulikuta njia ya matofali na vigae vya ukingo vilivyosukwa kama kamba. Tuliviosha tukavirudisha. Upande wa kivuli bibi alipanda kangaga, yale majani yasiyotoa maua yapendayo unyevu. Watu wa enzi ya Victoria waliyapenda mno. Daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, aliona mwaka 1829 kwamba kangaga limeota lenyewe ndani ya chupa iliyofungwa; kutokana na hilo akabuni masanduku ya vioo, na kwa masanduku hayo mimea mingi ilisafirishwa baharini bila kufa.

Dirishani bibi alikuwa na maua mekundu katika chungu. Akaniuliza kama nayajua. Nikacheka, maana huku kwetu huota kando ya mifereji na chini ya migomba bila kupandwa na mtu. Akanionyesha kitabu chake: maua hayo yalipelekwa Uingereza kutoka Zanzibar na Sir John Kirk, na mwaka 1882 wataalamu waliyapa jina la Sultani wa huko. Tuliyapanda kando ya ile njia ya matofali, mimi na yeye. Siku ile nilihisi kwamba matofali yangu 31 yamesamehewa.

NENO LA MWISHO

Wanafunzi, nyuma ya uwanja wetu wa mpira ipo ile nyumba ya zamani ya walimu. Nilipokuja mwaka huu niliambiwa kwamba inadhaniwa ni mbovu, na kwamba wako watu wema walio tayari kutoa mifuko ya simenti ili ipigwe lipu nje na ndani. Niliizunguka mvua ikinyesha. Mfereji wa bati umetoboka mahali pawili, na udongo wa shamba la maua umefika juu ya vitundu vya hewa. Viungo vyake ni vya chokaa.

Nawaomba, kabla ya kufungua mfuko mmoja wa simenti, chukueni majembe mpunguze udongo ule, na ninyi wenzangu mliokwisha kumaliza tuchange fedha ya mfereji mpya. Kisha tungoje msimu mmoja wa kiangazi tuone. Ikiwa bado pana haja ya lipu, chokaa huchomwa Tororo na upande wa Kasese, wala si mbali. Mimi nitakuja na mwiko wangu, na wavulana wawili au watatu watakaopenda kujifunza waje wanishikie ndoo.

Sisemi simenti ni mbaya. Mimi mwenyewe naishi katika nyumba ya simenti, nayo ni imara. Nasema tu kwamba kila nyumba ina desturi yake, na fundi mgeni ni kama mgeni mwingine ye yote: huuliza kwanza desturi za wenyeji, ndipo aingize mkono wake.

Wasalaam.

Mimi ni mwanafunzi wenu wa zamani, mwashi.